Kiatu namba 11

Kazi yangu ni stesheneri. Kibanda tu hapa Majengo, Dodoma mjini, kina mashine ya fotokopi, printa mbili ambazo moja inaumwa muda wote, kompyuta moja na mashine ya kulamineti niliyonunua kwa hela ya kikoba. Kwa siku naandika barua za watu mpaka vidole vinauma, maombi ya kazi, uhamisho, kuomba kiwanja, hata barua ya jamaa anamuomba msamaha mkwe wake nishaandika (alisamehewa, alirudi kuniambia). Kwahiyo babu yangu alivyosema mchumba niandikie barua moja fupi, nkajua ni kazi ya dakika kumi. Sasa hivi ni mwaka na zaidi. Kwenye flashi yangu kuna faili linaitwa BABU MEDALI MPYA MPYA 7, na ukiona hivo ujue 8 iko njiani.

Huyu ni babu mzaa mama. Mi ndo mjukuu wake wa kwanza wa kike kwahiyo ni mchumba wake tangu nazaliwa, mume wangu mwenyewe anajua yeye ni wa pili kwenye foleni. Anaishi kijijini, upande wa Mvumi huko, Chamwino, ana mbuzi wake, ana kashamba ka uwele na karanga, na ana sikio moja. Yaani masikio anayo mawili ila la kulia ni pambo tu, ukitaka kuongea nae lazima ukae kushoto, wajukuu wote tumekua tukigombania kukaa kushoto kwa babu.

Tarehe 25 Julai 2024 alikuwa mjini kwangu, kesho yake ana kliniki ya macho. Sikukuu ya Mashujaa mwaka ule kitaifa ilifanyika hapahapa Dodoma, mji umejaa ving'ora, mi nimefungua kibanda hivohivo maana njaa haijui sikukuu, tukawa tunaangalia kwenye kale kativii kangu. Mnaijua ile shughuli, panawekwa mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, shada la maua, shoka, kila kitu na mwenyewe wa kukiweka. Babu kimya. Halafu kamera ikapita kwa wazee waliokaa kwenye viti, makoti yamejaa medali kifuani, babu akanyoosha fimbo mpaka ikagusa kioo cha tivii.

"Ile. Ya tatu kutoka kushoto."

"Ina nini babu?"

"Ya Kagera ile. Na mimi yangu ipo, sema hawajanipa."

Aliisema kama mtu anayesema fundi cherehani hajamaliza suruali yake.

Kwa wadogo zangu mliozaliwa juzi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera, wakakalia lile eneo lote la juu ya mto, wakaua watu, wakaswaga ng'ombe, na daraja la Kyaka wakalilipua. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akaongea na taifa, ndo ile ya uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Ila JWTZ peke yake isingetosha, ikabidi waongezwe JKT, polisi, magereza na mgambo. Mgambo hawa ni wanaume wa vijijini tu, mkulima, mchunga ng'ombe, jioni anafundishwa kwata uwanja wa shule na usiku analinda ghala la kijiji. Babu alikuwa mgambo, ana miaka 23, mama yangu bado wa kubebwa mgongoni. Wakapakiwa kwenye treni pale stesheni ya zamani, Tabora, Mwanza, halafu meli mpaka Bukoba.

Mambo ya risasi babu hasimulii. Anasimulia mvua. Sisi Wagogo mvua kwetu ni mgeni wa heshima, Dodoma inapata kama milimita 550 kwa mwaka mzima wakati Bukoba inapata kama 2,000, sasa mchukue kijana wa Kigogo ambaye mto anaoujua yeye ni mchanga, umshushe Kagera mwezi wa kumi na moja. Anasema, "Migomba imesimama mistari kama askari, mvua inanyesha kila siku ya Mungu, na wenyewe wananung'unikia matope. Nikasema hawa waje kwetu Septemba."

Kutoka Mutukula, pale mpakani, mpaka Kampala ni zaidi ya kilomita 200 na wengi wao walizipiga kwa mguu. Babu alikuwa anabeba mabomu ya mota begani. Waganda ile mizinga yetu ya roketi waliipa jina wakaiita Saba Saba, babu anasema ukiwa upande wa inapotokea unacheka, ukiwa upande wa inapoenda sijui. Sikio aliliacha Lukaya, Machi 1979, pale barabara inapokatiza kwenye kinamasi, walipokutana na Walibya waliotumwa kumsaidia Amin. Kampala ilivyotekwa Aprili 11 yeye hakuwepo, alifika siku tatu baadae na hilo huwa analisema mwenyewe bila kuulizwa, mi naona hiyo peke yake ingetosha kuonyesha mzee hadanganyi, maana muongo angeingia Kampala wa kwanza.

Akarudi 1979. Nchi ikaambiwa miezi 18 ya kufunga mkanda, foleni za sabuni, baadae ukaja unga wa yanga, nani angeanza kuulizia medali saa hizo.

Alichorudi nacho ni kikaratasi. Kina jina lake, kikosi, tarehe, sahihi na muhuri, kimekunjwa mara nne, kikakaa kwenye sanduku la bati ndani ya tembe. Kwa ambaye hajawahi kuliona, tembe ni nyumba yetu ya asili, paa lake limelala, udongo juu ya miti, kwa mvua zetu hizi za kugusagusa linakaa miaka na miaka na ndani ni ubaridi mtupu. Sasa ikaja El Nino ya 1997 kuingia 1998, ile iliyobeba madaraja na reli. Paa lilianguka usiku upande wa stoo. Wakaokoa mbuzi kwanza (babu hana aibu na hili, mbuzi kwanza), sanduku lilifukuliwa siku ya nne limejaa maji, karatasi imekuwa uji. Bibi, Mungu amrehemu, akaianika juu ya jiwe. Maandishi yote yalikuwa yameenda, kilichobaki ni doa la zambarau la muhuri. Lile doa akalitunza ndani ya Biblia mpaka likawa unga.

Basi. Tukaanza.

Swali la kwanza kila dirisha ni namba ya jeshi. Askari wa JWTZ namba yake inaanza na MT, anaijua usingizini, hata mstaafu wa miaka 80 ukimuamsha atakutajia. Mgambo wangu hana. Swali la pili cheti. Hakipo. Basi mzee leta losi ripoti. Tukaenda kituo kimoja cha polisi tukakuta kijana mdogo, heshima tele, shikamoo babu, karibu kiti.

"Kimepotea nini babu?"

"Cheti cha vita."

"Lini?"

"Tisini na nane. Mwezi wa kwanza."

Kijana akainua kichwa, nadhani mwaka huo yeye hakuwa amezaliwa. "Kilipotelea wapi?"

"Hakikupotea. Kiliangukiwa na nyumba."

Fomu yenyewe haina sehemu ya kuangukiwa na nyumba, akaandika kimepotea, babu akasusa kusaini mpaka nikamwambia babu saini tu, hiyo ni lugha ya fomu. Akasaini akiwa amenuna, njia nzima kwenye bajaji anarudia "kimepotea, kimepotea", kama vile ametukanwa.

Halafu jina. Jina la ukoo wetu linaanza na Ch. Kitambulisho cha NIDA kina Ch. Ila Kigogo cha kanisani sauti hiyo inaandikwa C peke yake, na shule aliyosoma babu ni ya kanisa, kwahiyo karatasi zake zote za zamani ni C. Kadi ya kura kuna mtu kaweka Sh, sijui alikuwa anawaza nini. Kwahiyo ikabidi kiapo cha mahakamani kwamba hawa watu watatu ni mtu mmoja. Mi naandika viapo kila siku, nilijua bei, nilijua maneno, bado nilikosea tarehe ya kuzaliwa tukarudia.

Dar tulienda mara moja, kwa SGR, masaa matatu na kitu, babu akasema treni yetu ingekuwa hii tungekuwa tumemaliza vita Krismasi. Dar wakatwambia mambo ya mgambo yanaanzia mlikotoka. Tukarudi.

Tulikotoka ndo pakawa na kazi. Mgambo waliandikwa kwenye tawi, kata, wilaya, kwa mkono, kwenye madaftari. Na huku kwetu wilaya zenyewe zimehama, iliyokuwa Dodoma Vijijini tangu 2007 ni Bahi na Chamwino, kwahiyo kila karani anakuuliza enzi hizo mlikuwa wapi na wewe unamjibu tulikuwa palepale tulipo, mliohama ni nyie. Kuna ofisi moja, siitaji, jamaa wa masjala alikuwa mtu muungwana akakubali kutupeleka stoo ya nyuma. Akavuta boksi. Udongo ukamwagika. Mchwa. Alilifungua faili juu ya meza taratibu kama anafungua kidonda, kurasa zimetobolewa matundu mpaka unaona meza upande wa pili, na ukingo wa kushoto wote, yaani pale yanapoanzia majina, haupo. Imebaki mikia ya majina. "...ngani." "...leje." "...wa." Ukurasa mzima wa wanaume wasio na vichwa. Nikapiga picha kwa simu. Babu alivaa miwani akapitisha kidole chini, mstari kwa mstari, akasimama kwenye mmoja akasema huyu ni marehemu fulani, akaenda, akasema huyu alibaki Uganda akaoa, na mwisho kabisa pana herufi tatu ambazo zingeweza kuwa mwisho wa jina lake au la nusu ya Wagogo wote.

"Huyu ni mimi," akasema.

Yule wa masjala akanitazama mimi. Nikaangalia pembeni.

Ofisi nyingine walitaka jina la kamanda. Babu akasema Mti Mkavu, ndo jina walilompa Silas Mayunga, kila aliyekuwa vitani analijua. Dada wa pale akacheka kwa upole tu. "Mzee wangu, kila anayekuja hapa alikuwa na Mti Mkavu." Ni kweli naamini, jina likishakuwa kubwa kila mtu anajiegesha, lakini sasa aliyekuwa nae kweli afanyeje? Abadilishe kamanda?

Oktoba mwaka huohuo wa 2024 redio ikatangaza Jenerali David Msuguri amefariki, aliyeongoza Divisheni ya 20 kwenye vita ile, ana miaka 104. Babu alikuwa anamenya karanga. Akaacha. Akasema, "Wanaonijua wanaisha." Mi hapo ndo nikaelewa kwamba haraka yake sio ya medali tu. Nilikuwa nashughulikia karatasi, kumbe muda wote walikuwa wanahitajika watu, na watu wenyewe wanaondoka kila wiki. Ningeanza na watu, nisingepoteza miezi minne kwenye madirisha. Kama una mzee wako yuko kwenye hali hii anza na watu jamani, mchwa hawana haraka tena, wameshamaliza.

Tukapata fununu ya mzee mmoja Kongwa. Huyu alikuwa askari kabisa, MT yake anayo, cheti anacho, medali anayo. Tukapanda basi asubuhi, tukashuka Mbande, bodaboda mbili mpaka mjini. Kongwa ina jeshi kwenye damu bwana, ndo pale walipokaa wapigania uhuru wa kusini miaka ya sitini, FRELIMO, SWAPO, ANC, na kabla ya hapo Waingereza walikuja kulima karanga wakashindwa, babu alivyosikia habari ya karanga akasema walikosea kuwauliza Wagogo.

Yule mzee alitupokea vizuri, maji, viti chini ya mwembe, ila alivyosikia tulichofuata akabadilika. Akasema vijana (babu ana 70, huyu ana 76, kwahiyo babu ni kijana), wanakuja wengi hapa, mimi siwezi kula kiapo juu ya mtu nisiyemkumbuka. Na kweli alikuwa hamkumbuki. Alimuangalia babu muda mrefu kabisa, uso, mikono, halafu uso tena, akatikisa kichwa. Miaka arobaini na sita, huyo babu mwenyewe picha yake ya ujana hatuna, nani angemjua?

Babu hakubishana. Akavuta kiti akampa sikio la kushoto. Wakaanza kupimana. Mvua ya wapi, mto upi, nani alipigwa wapi. Majibu ya babu yalikuwa sahihi lakini yule mzee anasema hayo hata redioni yalisemwa. Mi nikaanza kufikiria nauli ya kurudi. Halafu ghafla, wala sijui ilimjiaje, mzee akauliza:

"Kiatu walikupa namba ngapi?"

"Kumi na moja," babu akasema. "Na mimi navaa nane."

"Ukafanyaje?"

"Nikajaza majani ya mgomba."

Yule mzee akapiga paja lake, pa! Akacheka mpaka akakohoa, mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi kuangalia kuna nini. "Ndiye! Huyu ndiye! Mgogo wa majani ya mgomba! Usiku mzima anatembea anatoa mlio, kwa-cha, kwa-cha, sajenti anamwambia wewe utatuuza kwa adui!" Na babu anacheka, machozi yanamtoka. Sijawahi kumuona babu akicheka hivyo, hata kwenye harusi yangu. Wakaanza kutaja majina ambayo mi siyajui, kila jina wanalitaja kisha wanasema amefariki, amefariki, huyo sijui, amefariki. Tukala ugali wa mtama na mlenda, tukachelewa basi, tukalala hukohuko. Kesho yake kiapo kikaandikwa palepale Kongwa na yule mzee akasisitiza majani ya mgomba yawekwe ndani. Mwanasheria hakutaka. Mzee akasema basi sisaini. Yakawekwa.

Na kuna kitu kingine ambacho mama alikikumbuka akiwa anafua, akanipigia simu mikono ina povu. Kwamba bibi alipeleka sadaka kanisani babu aliporudi. Kanisa la kijijini kwetu daftari zake za zamani zinatunzwa na mzee wa kanisa kwenye debe la mafuta, kifuniko kimebanwa na jiwe, mchwa hawajawahi kupita. Tulikaa sakafuni mimi na mama tunafungua mwaka kwa mwaka, kunguru wanakwaruza juu ya bati. Agosti 1979. Mwandiko mzuri wa mlalo, wino wa bluu. Jina la bibi, halafu: *shukrani, mume karudi vitani, kuku 1, sh 5/=*. Na jina la babu kwenye mabano. Kwa C.

Mama akafunika mdomo. Yeye alikuwa anakumbuka kuku tu, maana alikuwa kuku wake, walimchukua bila kumuuliza.

Nikatoa fotokopi nne, nzuri, nikaongeza wino. Tukapeleka kila kitu, kiapo cha Kongwa, losi ripoti, kiapo cha jina, picha ya faili la mchwa, na sadaka. Kijana wa mapokezi akageuza ile kopi ya daftari mara mbili. "Mama, hii ni kuku." Nikamwambia soma mstari wote. Akaita bosi wake, mama mmoja mtu mzima, akasoma amesimama, akasoma tena amekaa, akauliza bibi yupo? Nikasema hayupo. Akasema, "Naiweka kwenye faili. Siahidi kitu, mzee wangu, umenielewa? Siahidi." Akamsemea sikio la kushoto, sijui alijuaje. Akapiga muhuri kwenye barua yetu, IMEPOKELEWA, na tarehe, akaturudishia nakala.

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Hatujapigiwa simu. Simu ya babu iko hewani muda wote, amemkataza kila mtu kuipiga asije akaifanya iwe bize.

Jana alikuja kibandani na ile nakala, ameiweka ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya koti. Nikamwambia babu lete nikulaminetie, bure, hata nyumba ikianguka tena haitaloa. Nikawasha mashine ipate moto. Akaitoa, akaiangalia ule muhuri, wa zambarau huu nao, akaikunja akairudisha mfukoni.

"Acha. Ukishaifunga hivyo, ule muhuri wa pili watapiga wapi?"